Maelezo Kuhusu Maji Yaliyoachwa Gatini

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, miaka 38, kazini huitwa Mama Chumvi. Kazi: mchambuzi wa vipimo vya setilaiti, kituo cha utafiti wa bahari. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kituo. Anaeleza kwa hiari yake:

Kazi yangu ni kusoma chumvi ya bahari kutoka angani. Setilaiti huona ngozi tu ya maji, haizidi upana wa kidole. Mvua kubwa za ukanda huu wa joto zikimwagika baharini, ngozi hiyo hupungua chumvi. Ofisini tunayaita "maji matamu". Ni mzaha wetu wa kazini. Ukiyanywa utatapika.

Leo, tarehe 14 mwezi huu, asubuhi, ramani ilionyesha doa la namna hiyo. Ilibidi boti iwahi kuchota sampuli, tulinganishe na kipimo cha setilaiti, kabla mawimbi hayajalikoroga. Nilishuka gatini. Nahodha alikuwa ndani anawasha mashine. Mdogo wangu, tumbo moja, fundi mpya wa boti hiyo, alikuwa anapakia. Akaniuliza, "Dada, huko kukoje?"

Nikamjibu, "Maji matamu tupu. Kimbieni!"

Akacheka. Nikarudi ofisini mbio.

Saa nane mchana nahodha aliita kwa redio: mashine imezima, mkondo unawachukua. Redio ikakatika. Mkuu wa kituo chetu akaripoti hapa kwenu polisi, akasema boti hubeba maji ya kunywa ya siku tatu. Mkaamua msako uanze kesho kukicha. Hata mimi niliona sawa.

Lakini sikutulia. Kiti kilikuwa kinanichoma. Saa kumi nikashuka tena gatini, nikakuta madumu ya maji ya kunywa yamepangwa ukutani, yamejaa pomoni. Nikamuuliza mlinzi.

Akasema, "Si mdogo wako! Kayashusha apate nafasi ya chupa zenu za sampuli. Nikamwambia, 'We bwana, maji hayo!' Akanijibu, 'Ya nini, mzee? Dada kasema huko matamu.'"

Ulimi hauna mfupa, afande. Nahodha anaijua bahari, atajizuia. Mdogo wangu kalelewa bara kwa shangazi, na tangu utotoni nikisema jambo, kwake limekwisha. Kiu ikimbana atachota. Akinywa kiu itazidi, atachota tena. Naogopa, sifichi. Jua limewapiga kutwa nzima, nanyi mnangoja kukuche! Ramani ya mkondo wa leo nimeileta, hii hapa mezani.

Hayo ndiyo niliyoyasema na kuyaona mwenyewe. Nimesomewa, ni sawa.

(Sahihi ya shahidi)

Dokezo la askari wa zamu: Maelezo yameandikwa saa 11:10 jioni. Shahidi ameeleza akiwa amesimama, kiti amekikataa. Nilimuuliza kama ana la kuongeza. Amejibu: "Niongeze nini, afande? Ongezeni mwendo."