Kibao cha Shaba cha Mama

Montevideo, 19 Julai 1996

Mdogo wangu Nibia,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, na kwamba dawa mpya hazikuchoshi kama zile za mwanzo. Mimi ni mzima, ila magoti hunikumbusha umri kila asubuhi. Barua yako ya mwezi wa Mei niliipata. Nimechelewa kuijibu, na kabla hujafika mwisho wa karatasi hii utajua kwa nini.

Baridi ya mwaka huu ni ya unyevu. Upepo unatoka mtoni na kupita chini ya milango, na nguo hazikauki hata zikianikwa siku tatu. Siku zangu ni za kimya. Asubuhi natembea hadi mkahawa wa kona, ule ambao baba alikuwa akisomea gazeti, nami hukaa dirishani na kikombe kimoja cha kahawa kwa saa mbili. Mvua ikinyesha, Elbio huja kwangu tukakaanga torta frita, ile mikate yetu ya siku za mvua, kwa mafuta mengi kuliko anayoruhusu daktari wake. Bila shaka unamkumbuka Elbio, yule kondakta wa tramu aliyekuwa akikupandisha bure. Tramu zilikwisha zamani, mdomo wake haujakwisha.

Jumapili tunakwenda sokoni kutazama vitu vikuukuu. Hatuna haja ya kitu. Mwezi uliopita nilipata saa ya mezani yenye mshale mmoja, pamoja na kamusi ambayo mwenyewe aliipigia mistari mpaka herufi M, kisha akaacha. Elbio hukusanya funguo zisizo na kufuli. Nilipomwuliza ni za nini, alijibu kwamba mwanamume aliyefungiwa nje na wake wawili hana budi kujaribu kila mlango.

Jumapili iliyopita tulimkuta mama mmoja muuzaji, amejifunika blanketi, ametandaza shaba chini: mabomba, vitasa, miguu ya vitanda. Elbio aliinua kibao kimoja, akakifuta kwa mkono wa koti, akasoma majina ya watoto waliokiweka, akanicheka. Alisema kumbe mjini humu yumo Dardo mwingine, naye ana dada aitwaye Nibia, basi nijihadhari asije akanichukulia pensheni. Akaendelea kusoma kwa sauti: Celmira Bentancor, 1909–1985. Hapo akavua kofia. Alikula mezani pa mama miaka mingi.

Muuzaji alisema alikipata kwa mtu wa mkokoteni wa farasi, kikiwa kimechanganywa na mabomba, na kwamba kama marehemu ni wangu nikichukue tu, kwa kuwa yeye hamwuzii mtu mzazi wake. Elbio alitaka twende polisi saa ile ile. Alisema wezi wa siku hizi watakung'oa meno ukipiga miayo. Nilikitia kibao ndani ya koti, nikamwambia kuwa nasikia baridi, turudi.

Nibia, ningeweza kukuandikia hivyo hivyo, kwamba wezi walikibandua kibao ukutani. Ungeniamini, kama Elbio anavyoamini mpaka leo. Siku tatu niliitunga barua hiyo kichwani, na ilikuwa barua nzuri. Lakini umeniomba kwamba siku yako ikifika, binti yako alete majivu yako huku yawekwe katika shubaka la mama, mle ukutani makaburini. Uliandika kwamba ukilala karibu naye hutakuwa mgeni tena. Ombi hilo siwezi kulijibu kwa uongo.

Mama hayumo shubakani. Lilifunguliwa mwaka wa 1989, na kibao kikabanduliwa. Unajua desturi yetu: miaka ikitimia, jamaa huitwa, mifupa ikatolewa mbele yao na kutiwa katika kisanduku. Wasipofika, hutiwa katika shimo la wote. Mimi niliitwa. Wito niliutia sahihi kwa mkono wangu. Uliponiuliza, nilikujibu kwamba mambo yalikwenda vizuri.

Sijitetei, nakueleza tu. Mjomba Tabaré alipotolewa, mimi ndiye niliyefuatana na mama. Mjomba alikuwa hajakauka. Suti yake ilikuwa nzima kuliko yeye. Mchimba kaburi aliniambia, “Shika vizuri, kijana, mzee wako bado anang'ang'ania.” Nami nilicheka, Nibia, kwa hofu, mbele ya mama.

Basi siku ya mama nilivaa vizuri, nikanunua maua mekundu, nikaketi katika mkahawa unaotazamana na lango la makaburi. Miadi ilikuwa saa tatu. Niliagiza kahawa, kisha nyingine. Nilimwona mlinzi akitoka, akatazama kulia na kushoto, akangoja, akarudi ndani. Nilihitaji kuvuka barabara tu. Saa tano nilisimama nikaenda zangu, maua nikayaacha mezani. Tangu hapo, kila Novemba nimekuandikia kwamba nimempelekea mama maua. Sikununua tena hata ua moja.

Jana nilikwenda makaburini. Karani alifungua daftari akanionyesha mstari wenyewe: hakuna aliyefika. Nilimwuliza kama mtu anaweza kutafutwa humo shimoni. Hakunidhihaki. Alisema, “Mzee wangu, humo wamo wengi,” kisha akanisogezea kiti.

Elbio nitamwambia Jumapili. Majirani wanakusalimu, nao hawajui lolote. Msalimie sana binti yako Annika. Kumsomea barua hii au kutomsomea ni hiari yako.

Mahali karibu na mama hapapo, na aliyekunyang'anya ni mimi. Ninalo shubaka langu mwenyewe, safu ya nne, ukuta wa kaskazini unaopata jua. Lina nafasi ya wawili. Najua si ulichoomba, na najua ni nani utakayelala naye. Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana, nami nitalitii lolote litakalokuja.

Ni mimi kaka yako,
Dardo