Kibodi Yangu Nimeichukua Mwenyewe

Dada yangu mpendwa Gwi-suk,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri, umenyoosha miguu kwenye sakafu yenye joto, na magoti yako yamepata nafuu tangu uanze kuchomwa zile sindano. Shemeji naye hajambo? Mwambie asipande tena ngazi kuchuma matunda, mwaka jana alitutia roho juu. Mimi ni mzima wa afya. Ninakula, ninalala, na mikono yangu haina neno.

Ujumbe uliorekodi kwenye simu nimeusikiliza wote. Unasema mume wangu, baba Se-un, amekupigia, na kwamba nimemwaibisha mbele ya ukoo wake kwa ajili ya kibodi, kwa hiyo niende nikaombe radhi mambo yaishe. Dada, ninakuheshimu kama mama, maana wewe ndiwe uliyenilea. Lakini radhi siombi. Na kwa kuwa kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, nimeona nikuandikie, unisikilize hata kama hutaki.

Najua unashangaa mwanamke wa miaka sitini ana shughuli gani na kibodi. Ulikuja Wonju mara ngapi, ukanikuta pale mezani kwenye kona ya sebule, nimevaa miwani miwili mmoja juu ya mwingine, ukacheka ukasema nimepata kazi ya fundi saa. Hukuuliza ninafanya nini. Basi ngoja nikwambie. Chini ya kila kitufe kuna swichi, na ndani ya swichi mna springi na kijiti. Mimi huzifungua zote, moja moja, nazipaka grisi kwa brashi nyembamba kama ya wanja, kisha nazifunga tena. Grisi ikizidi, kitufe kinakuwa kizito kama mtu anayekanyaga tope. Ikipungua, kinakwaruza. Ikikaa sawasawa, dada, kidole kinashuka chenyewe, na mlio unaotoka huko chini ni wa duara, umeshiba. Huwezi kuusikia halafu ukarudi kwenye kibodi za supamaketi.

Ile yangu ya kijivu niliingoja zaidi ya mwaka. Watu wa klabu yetu ya mtandaoni huagiza kwa pamoja, kiwanda kinakata makasha ya aluminiamu kwa idadi ya walioandika majina, kisha kila mtu anajiundia. Nilibadilisha swichi mara tatu mpaka nikaridhika. Klabuni kila mtu ana jina la kujibandika, na mimi nilijiita Mvua ya Bati, kwa sababu mlio wa kibodi zangu ulinikumbusha mvua kwenye paa la bweni letu kule Daegu. Nilikuwa nikirekodi mlio na kuwatumia. Wananiuliza habari za grisi, ninawajibu. Walikuwa wakiniita kaka. Sikuwasahihisha.

Sasa sikia kilichotokea sikukuu ya mavuno. Unajua sikukuu ya kwetu ilivyo. Mimi jikoni tangu alfajiri, nakaanga samaki na mboga za mizimu ya ukoo wake wa Maeng, ambao hata mmoja sikumjua akiwa hai. Wanaume wamekaa. Wifi yangu Jong-nim alikuja kutoka Jecheon na mwanawe Tae-gyu, yule anayesoma chuo mwaka wa pili. Wamekula, wamekunywa, wamefungasha vyakula, wameondoka, mimi nikiwa bado kwenye sinki na glovu za mpira. Nilipotoka kujifuta mikono nikaona kona yangu. Waya ulikuwa umelala mezani peke yake. Kibodi hakuna.

Nikamuuliza baba Se-un. Bila kugeuza macho kutoka kwenye runinga akaniambia, “Ah, nimempa Tae-gyu. Kijana kaipenda.” Nikasema ile ni yangu. Akasema, “Wewe mtu mzima, unagombania kitu cha kuchezea na mtoto? Nitakununulia nyingine, zimejaa madukani.” Mtoto mwenyewe ameshatoka jeshini, dada. Ana ndevu.

Nikampigia wifi, kwa adabu zote. Akacheka kwanza, akidhani natania. Kisha akaniambia, “Jamani wifi, kweli unataka kulia kwa ajili ya kibodi? Ukilia, watu tuwaambieje, kwamba umerudi utoto?” Nikamwambia sitalia, ninachotaka ni kibodi. Akasema kijana ameshaizoea, tusimvunje moyo. Kwa wiki mbili nilikuwa nikipiga, naye anapokea kwa kicheko kilekile, mpaka akaacha kupokea.

Na Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mkutano wa klabu huko Daejeon. Watu hukodi ukumbi, kila mmoja anaweka kibodi zake mezani, wengine wanapita wakizibonyeza na kusikiliza. Nilikuwa nimejiandikisha. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kwenda, kila mara kulikuwa na kabichi za kutia chumvi, au matanga, au wageni wa baba Se-un. Safari hii nilikuwa nimeahidi kuileta ile ya kijivu.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo nikavaa lile gauni la bluu ulilonishonea, nikachukua kitambaa cha kufungia vitu, nikapanda treni kwenda Jecheon. Wifi alipofungua mlango akanitazama mikono. Alidhani nimeleta kimchi ya kabichi. “Karibu wifi, mbona hukusema unakuja?” Nikavua viatu, nikamsalimu, nikapita moja kwa moja hadi chumba cha Tae-gyu.

Dada, sikia nilichokiona. Alikuwa amevaa vile vipaza sauti vya masikioni, anapiga risasi kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa ameng'oa vifuniko vyangu vya herufi na kuweka vya rangi ya waridi, na vyangu vilikuwa kwenye bakuli la tambi, bakuli ambalo halijaoshwa. Makombo ya biskuti kila mahali. Nikanyoosha mkono, nikachomoa waya.

Akaruka. “Mkaza mjomba! Niko katikati ya mchezo!”

Nikamwambia, “Nakuona. Sogea kidogo.” Nikaiinua, nikaigeuza ili makombo yamwangukie yeye mapajani, nikaiweka kwenye kitambaa pamoja na vifuniko vyangu, nikafunga fundo. Maskini, hakupinga. Alichosema ni kwamba mjomba alimwambia hakuna anayeitumia. Hapo ndipo nilipoumia kuliko yote. Hakuna anayeitumia. Nimekaa pale kwenye kona jioni zote, hatua chache kutoka kwenye kiti chake.

Wifi akasimama mlangoni, amepanua mikono kama anazuia kuku. Alikuwa ameshampigia kaka yake, akaniwekea simu sikioni. Baba Se-un alikuwa anapiga kelele hadi simu inakwaruza. “Kirudishe hicho kitu sasa hivi! Unanitia aibu kwa dada yangu!” Nikamjibu taratibu, na wifi akisikia, “Aibu umejitia mwenyewe ulipogawa kisicho chako. Mimi nimekuja kuchukua changu.” Kisha nikamwambia wifi, “Nipishe, treni hainisubiri.” Sijui aliona nini usoni mwangu. Akanipisha.

Kwenye treni nikavifuta vifuniko kwa leso na kuvirudisha kimoja kimoja mahali pake. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza kama natengeneza simu ya kizamani. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa ninacheka peke yangu, dada, na machozi yananitoka, na sikujali nani anatazama.

Ukumbini nikakuta vijana tupu. Mmoja, ambaye baadaye nilimjua kuwa ndiye mwenyekiti, anaitwa Jegal, akanijia mbio na adabu zake zote, “Mama, karibu. Umemletea mwanao chakula? Anaitwa nani tumwite?” Nikamwambia sina mwanangu hapa, nina meza. Akauliza jina la klabuni. Nikasema, “Mvua ya Bati.”

Akatazama nyuma yangu, kama kuna mtu amejificha kwenye mgongo wangu. Kisha akanitazama tena, akashika kichwa. “Kaka?! Samahani, mama… Aisee! Njooni, njooni, Mvua ya Bati ni huyu!” Wakanizunguka. Mmoja akasema haiwezekani, mimi ndiye niliyemfokea mwaka mzima kwa kupaka grisi kama siagi. Nikamwambia na bado unapaka vibaya, nimesikia meza yako nikipita. Wakaangua kicheko hadi wale wa mwisho wakasimama. Wakabishana sasa waniiteje. Nikawaambia waniite kaka vilevile, nimezoea.

Nikafungua kitambaa. Kijana mmoja akakaa, akaandika mstari mmoja, akaacha, akaandika tena. Ukumbi ukanyamaza meza baada ya meza, mpaka ikabaki kibodi yangu peke yake. Hakuna aliyeniambia ni kitu cha kuchezea.

Sasa dada, niseme lile ambalo sijakwambia. Ukidhani niko Wonju nimenuna chumbani, sipo. Baba Se-un amekuficha hilo kwa sababu anaona haya. Huu ni mwezi wa pili niko Daejeon. Siku ile ukumbini alikuwapo mwanamke mmoja, Seok Ha-jin, mwenye karakana ya kuunda kibodi za watu wanaoagiza. Aliniuliza kama ningependa kufanya kazi kwake, kazi ya swichi. Nikamwambia ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Nilirudi nyumbani siku moja tu, nikachukua nguo na brashi zangu, nikamwambia baba Se-un nimepangisha chumba juu ya karakana, na kwamba mizimu ya ukoo wake inaweza kukaangiwa samaki na watu wa ukoo wake. Talaka sijaomba. Kurudi sirudi.

Najua utasema, na watu je? Hata mara ile ulisema hivyo. Nilikuwa mpiga taipu wa haraka kuliko wote pale kampuni ya nguo Daegu. Siku nilipochumbiwa, meneja akaniletea karatasi ya kuacha kazi kabla sijafungua mdomo, maana ndivyo walivyowafanyia wasichana wote. Wewe ukaja bwenini kunichukua, ukanibebea sanduku, ukaniambia nisilie, mashine ni chuma tu. Sikulaumu. Ulikuwa kijana kama mimi, na wewe pia ulikuwa umeambiwa. Lakini mara hii usije kubeba sanduku langu.

Sikudanganyi kwamba yote ni matamu. Mwanangu Se-un hapokei simu zangu, na hilo linanikata maini. Chumba ni kidogo, na Jumapili moja nilipika supu, nikajikuta nimepika sufuria ya watu wengi, nikakaa nikaitazama. Hata hivyo asubuhi nikashuka karakanani, nikakaa kwenye kiti changu, na kazi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa yangu.

Juzi baba Se-un alikuja. Nilimwona dirishani, amesimama barabarani, hajui abonyeze kengele ipi. Nikashuka. Alikuwa amebeba koti langu la baridi kwenye mfuko wa plastiki. Nywele zake zinahitaji kukatwa. Akasema, “Baridi imeanza.” Nikamwambia imeanza kweli. Akatazama juu, kule dirishani, ambako Ha-jin na wenzake walikuwa wanajaribu kibodi mpya, na mlio ulikuwa unashuka hadi barabarani. Akasikiliza muda, sijui aliusikia au alikuwa anatafuta la kusema. Kisha akauliza ninarudi lini. Nikamkaribisha chai. Hakutaka kuingia. Nikalipokea koti, nikamshukuru kwa moyo wote, maana alisafiri mbali, nikalivaa palepale mbele yake, nikapanda ngazi kurudi kazini.

Nisalimie shemeji, wanao, na wajukuu wako wote, na yule jirani yako mwenye kikohozi. Ukiwa na nafasi panda basi uje unitembelee, nitakupikia, nawe utalala kitandani, mimi sakafuni. Uje kama mgeni wangu.

Mdogo wako akupendaye,
Pyo Gwi-ran