Shati Jeupe la Mchumba wa Keto

Jamani kamkamulia zabibu kifuani!! Mbele ya watu wote, shoga yangu Tamriko!

Bibi Mzevinar huyo! Si leo Tornike, mchumba wa dada Keto, katoka Tbilisi kuja kuomba baraka? Shati jeupe, limenyooshwa hilo!

Na Keto alishamdanganya Bibi eti jamaa amekulia kwenye mashamba ya saperavi. Bibi kamshikisha zabibu moja. "Haya baba, ndani ina rangi gani?"

Tornike anatabasamu: "Nyeupe, Bibi, kama zabibu zote. Wekundu uko kwenye ganda."

NYEUPE! Saperavi, zabibu nyekundu mpaka ndani! Wakati jina lenyewe maana yake mtia rangi!

Bibi akasema taratibu, "Sogea, mwanangu." Akachota konzi nzima, akaikamulia juu ya shati. Damu tupu! "Nyeupe yako hiyo. Hapa kijijini hata anayenyonya anajua."

Maskini akamgeukia Keto amtetee. Shoga, Keto ndo alianza kucheka! Anacheka huku anavua pete!

Shati Bibi kalitundika getini. Kesho nakwambia Tornike alipanda basi la kurudi Tbilisi amevaa nini.