Mama, Ni Mimi Niliyetutoa Mtoni

Mama,

Mto umechukua kaburi lako. Nimetafuta namna ya kukuambia polepole, sikuipata.

Mvua ilinyesha huko juu, milimani upande wa Uganda. Hapa Kakuma hatukuona hata wingu. Mto Tarach ukashuka na magogo na mizoga. Maji yalipopungua nikatembea siku nzima kufuata ukingo mpaka pale nilipokulaza, na pale hapapo tena. Ukingo umemeguka, mgunga umekwenda na mizizi yake, mawe niliyokufunikia hayaonekani. Nilikaa kwenye matope nikakuita hadi sauti ikakauka.

Kwa hiyo nakuandikia. Mama Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini anayenipa pa kulala hapa kambini, anakuombea kila jioni. Mimi nikifumba macho maombi hayaji. Linalokuja ni lile neno nililolisema.

Unakumbuka ulivyocheka nilipofika na mkokoteni kutoka Lodwar? Mbuzi walikuwa wanakufa, ukaamua tuhame, tufuate mto kwenda magharibi hadi kwenye malisho ya mpakani. Nikaacha kazi yangu dukani nikaja.

"Akai, punda ana mgongo," ulisema. "Hivi vigurudumu ni vya nini?"

Lakini uliupakia: ngozi, sufuria, mitungi, na juu kabisa mjukuu wako Apua. Nakiru, mdogo wangu, aliyekuwa mjamzito, alimwacha mtoto wake kwetu akatangulia na mbuzi. Sisi tukafuata nyuma tukilala mtoni, kwenye mchanga mkavu. Ulikuwa ukiweka kiganja juu ya mchanga, unasema, "Hapa." Tunachimba, maji yanakuja.

Siku ya nne magurudumu yalizama. Nilisukuma mpaka nikalia kwa hasira. Dereva mmoja wa lori alikuwa ameniambia kwamba ng'ambo ya tambarare, kwenye ardhi ngumu, kuna kisima cha pampu.

"Tusiache mto," ulisema. "Mto ninaujua."

Nikakujibu, "Mama, wewe unajua mambo ya zamani."

Kisha ukamshika punda ukamgeuza mwenyewe.

Pampu ilikuwa imeharibika, hata mbuzi hawakuwa wamepita hapo kwa muda mrefu. Tulikuwa tumebaki na mtungi mmoja. Tukageuka kurudi mtoni, na sikuona, Mama, naapa sikuona kwamba ulikuwa unalowesha midomo tu, halafu unamwachia Apua. Kesho yake mchana ukakaa kwenye kivuli cha mkokoteni. "Mfunike mtoto jua," ulisema. "Mimi napumzika kidogo." Nami nilikasirika, nikaona unatuchelewesha. Nilikuita mara tatu kwa ukali kabla sijakugusa.

Nilikurudisha mtoni kwa mkokoteni ule ule. Nilikuwa naweka mawe ya mwisho Nakiru alipotokea, amekuja kututafuta. Hakusalimia. Aliuliza, "Nani alisema muache mto?"

Nikasema, "Mama."

Nimelisema sasa. Nilikuwa na mchanga wa kaburi lako chini ya kucha, nikasema ni wewe. Nakiru hakulia. Alichukua jiwe, akaliweka juu ya mengine, akasema, "Mama, kichwa chako kigumu kilitaka kumuua mwanangu." Nami nikamwacha aamini hivyo. Akaniachia Apua, aliyelegea kwa kiu, nimpeleke hospitali hapa Kakuma, akawafuata mbuzi magharibi bila kugeuka.

Apua amepona. Anakimbia na watoto wa Mama Achol, anaokota maneno ya Kiarabu cha Juba. Jana aliniuliza, "Nyanya anapumzika bado?" Nikatoka nje.

Mkokoteni nimeuuza pamoja na punda. Siwezi kusikia magurudumu yake.

Na kuna habari nyingine. Watu waliotoka mpakani wanasema Nakiru amejifungua salama, msichana. Wazee wa kike walipomwambia ampe jina lako, alikataa. Alisema hataki mtoto wake abebe jina la mtu aliyewatoa watu mtoni kwa ubishi.

Mama, nilidhani nimekuzika mara moja. Kumbe nakuzika kila siku. Kaburi limekwenda na maji, na jina nalo nimelitupa mimi, kwa neno moja, kwa sababu niliogopa macho ya mdogo wangu. Nifanye nini? Nikikuuliza hujibu. Silali. Chakula nakitafuna kama mchanga.

Kesho asubuhi naondoka na Apua. Nimepata punda mmoja wa kukodi, na familia tatu zinakwenda huko huko. Tutakuwa mtoni njia nzima. Sitatoka humo hata wote wakitoka. Nikimfikia Nakiru nitamwambia mbele ya wale wazee wa kike, kwa sauti ya kusikika, ili nisipate pa kurudi nyuma. Anaweza kunifukuza. Anaweza asitamke jina langu tena mpaka afe. Na anitupe, mradi mtoto aitwe kwa jina lako.

Lala, Mama, popote mto ulipokuweka. Nakwenda kusema ukweli.

Akai wako