Kupe kwenye chupa ya methanoli

Bariadi, Jumatano

Majaribio ya kifaa cha umeme kijijini Nkololo yataendelea. Mwenyekiti wa kijiji ametamka hivyo mwenyewe leo alasiri mbele ya zahanati, na mkunga akapiga vigelegele kabla sijatoa kalamu.

Asubuhi alikuwa amekataa. Kifaa cha mtafiti Kabula hugeuza methanoli kuwa umeme wa kuwasha taa ya mkunga gridi ikikatika. Kifaa hakikumsumbua mwenyekiti. Alihofia methanoli yenyewe: mlevi ataidhani gongo, na akiinywa atapofuka au atakufa.

"Lakini nimechora fuvu kwenye chupa," Kabula alisema.

"Mayu, mama yangu, wauza gongo wa hapa nao huchora fuvu, wasiibiwe. Mlevi wetu akiona fuvu anajua amefika."

Tulicheka, ingawa ilikuwa kweli.

Kabula amekulia kwa wafugaji, Lalago. Akauliza, "Na chupa ya dawa ya josho la kuogeshea ng'ombe, yenye picha ya kupe?"

"Hiyo haigusi hata mwizi!"

Basi akafuta fuvu, akachora kupe. Kupe huyo alitoka kama kiazi chenye miguu. Mwenyekiti, mwenye ng'ombe wengi, alimsahihisha mguu kwa mguu hadi akaridhika.

Mimi bado nina wasiwasi. Picha peke yake haizuii kiu, nikawaambia hivyo. Wamekubali kuongeza kabati la kufuli.

Seremala analileta Ijumaa asubuhi. Kabla ya hapo chupa haziingii zahanati, na ufunguo atakaa nao mkunga.