Nyumba Mbili, Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo ni miaka thelathini na mmoja tangu tufukuzwe kwetu. Aliyekumbuka ni dada yangu peke yake. Amepiga simu asubuhi: nyumba yetu imerudishwa, chumba changu kimeshapakwa rangi, nitarudi lini? Nimemwomba anipe hadi Jumapili.

Mjukuu wangu wa kike anatengeneza programu ya ukoo, ili tuliotawanyika tujuane. Humo ameunda nyumba, na ndani ya nyumba watu. Nikamwagiza aniweke kote kuwili, kwetu na hapa. Kompyuta ikakataa! Mjukuu anasema lugha ya kompyuta anayoandikia haina mzaha: kitu kina mwenyewe mmoja, ukishakikabidhi huku, kule hukigusi tena. Ndivyo inavyolinda kumbukumbu yake isivurugike.

"Chagua nyumba, mume wangu," akanitania.

Mke mkali hivi sijapata kuoa.

Jumatano, 5 Machi

Ametafuta njia ya mkato: amenitoa nakala. Sasa niko wawili. Kompyuta imeridhika, mimi sijaridhika. Leo ameandika kifo cha mke wangu, bibi yake, katika nyumba ya hapa. Nakala ya kule haikupata habari. Kule bado nina mke! Nilimtazama sana yule mzee kwenye kioo cha kompyuta. Sikumwonea kijicho... au kidogo.

Mjukuu aliniona, akamfuta bila kuambiwa. Kisha akaniletea chai yenye sukari aliyoikataza daktari.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya. Watu wote wamepangwa pamoja kwa foleni, na nyumba zinashika namba tu ya mahali mtu aliposimama. Namba haimmiliki mtu, inamwonyesha. Safi! Basi akamfuta binamu aliyeingizwa mara mbili, na wote waliokuwa nyuma yake wakasogea hatua moja. Namba zikabaki zilivyokuwa. Nikajikuta nimeolewa na shemeji yangu!

Nilipomsimulia dada kwenye simu alicheka hadi akakohoa: na mahari yako kala nani?

"Nilipanga foleni, babu, kumbe nilihitaji kabati," akasema mjukuu. Sasa kila mtu ana ufunguo wake. Akiondoka, hapewi mwingine. Nimelipenda hilo.

Jumapili, 9 Machi

Imekubali! Niko nyumba zote mbili, mtu mmoja, mgane kote kuwili. Imebaki sehemu ya "anapoishi", nayo inapokea ufunguo wa nyumba moja tu. Mjukuu alisema panaweza kuachwa wazi, mradi programu iambiwe kinagaubaga kwamba hapana kitu.

Nikamwambia hapana, andika hapa. Karibu na kaburi la bibi yako.

Hakuchapa papo hapo. Alinishika bega kwanza.

Mara simu ya dada. Haya, ndugu yangu, unakuja lini? Nikamwomba akae kitako.

"Ngoja nikachukue miwani," akasema, "nikusikie vizuri."

Nasikia kandambili zake zikienda kule ndani. Simu iko wazi mezani, naandika huku namsubiri. Anakohoa, anavuta droo. Mjukuu amesimama mlangoni.

Sitarudi.