Nyuzi themanini na tano ndani ya friji

Kapata, Kolwezi. Jumapili, jioni.

Mvua imetishia tangu asubuhi na haijanyesha. Hewa imekaa nzito juu ya mabati, na vumbi jekundu la barabara ya migodi limeganda kwenye vioo vya dirisha langu. Nimeinuka kwenye kiti hiki sijui mara ngapi. Nakaa, nasimama, nafungua kompyuta, naifunga.

Kesho asubuhi kamati ya zahanati itakutana kuamua kama Kapenda afukuzwe kazi. Ushahidi walio nao ni programu niliyoiandika mimi.

Nieleze kwa utaratibu, maana leo kichwa changu hakina utaratibu wowote. Zahanati yetu ina friji moja inayotumia umeme wa jua. Ndani mna chanjo za watoto na insulini ya wagonjwa wa sukari, yangu ikiwamo. Dawa hizo zinataka baridi ya kati ya nyuzi mbili na nane. Miezi michache iliyopita nilifunga humo kipima joto kidogo, nikakiunganisha na kompyuta ya zamani, nikaandika programu ya kumtumia ujumbe muuguzi mkuu, Mama Charlotte, kila joto linapozidi. Wote walifurahi. Mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu tangu nirudi hapa nilikozaliwa sikuwa nimeombwa kufanya kitu na mtu yeyote.

Wiki hii ujumbe umekuja kila alasiri. Nyuzi kumi na mbili. Mama Charlotte hukimbia, huikuta friji ina baridi yake kama kawaida. Akasema basi kuna mtu anaifungua na kuifunga. Na alasiri, kwenye ukumbi wa nyuma iliko friji, hakuna anayeshinda isipokuwa Kapenda, mlinzi wetu, zamu kama tunavyosema huku. Alipoulizwa, alijibu bila aibu kwamba ndiyo, huweka humo chupa yake ya maji.

Ikawa imekwisha. Mtu amekiri, programu imesema.

Sasa niandike jambo ambalo sipendi kuliandika. Niliposikia, nilifurahi.

Kapenda ni Mlunda wa hapa hapa, umri wetu haupishani sana. Siku niliporudi kutoka Kasai, baada ya miaka yote ile, alinipokea langoni mwa zahanati akiniita tata, yaani mzee, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Eh, tata ya Kasai! Balikurudisha na train ile ile?" Watu walicheka. Nami nilicheka. Sijui mwaka ule tulipofukuzwa yeye alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini. Sijawahi kumuuliza. Lakini wiki hii, kila ujumbe ulipoingia, nilijikuta namwona kijana, katikati ya vijana wengine, akipita kwenye barabara yetu akigonga milango.

Vijana wa leo nikiwasimulia hudhani ilikuwa ghafla. Haikuwa ghafla. Mgodi ulikuwa umeanza kufa kabla: mishahara ilichelewa, vipuri havikuja, mashine moja iliuawa ili kulisha nyingine. Watu walitaka kujua sababu, na sababu waliyopewa ilikuwa sisi, watoto wa wale walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Waondoeni hawa, kila kitu kitatengemaa. Mama yangu aliosha sufuria zote kabla ya kuziacha, eti asije mtu akasema alikuwa mchafu. Tukaenda kulala kituoni pamoja na maelfu, tukingoja treni.

Tuliondoka. Hakuna kilichotengemaa.

Nimelifikiria hilo sana siku hizi mbili, kwa sababu ndivyo hasa ninavyotafuta makosa kwenye programu zangu. Ijumaa na jana vidole vyangu vilitangulia macho. Nilibadili muda wa kupima, nikafuta kipande nilichokishuku, nikabadilisha waya, yote kwa mkupuo mmoja. Ujumbe ukaja tena. Nikafuta kipande kingine. Mwishowe sikujua tena nimegusa nini na nimeacha nini, ikabidi nirudishe nakala ya Alhamisi na kuanza upya. Kufuta unachokishuku ni rahisi, na kwa kitambo kidogo kunampa mtu raha ya kuamini kwamba amefanya kazi.

Leo baada ya misa nilijilazimisha kuuliza swali moja tu: nimeona nini kwa macho yangu? Si ninachoamini. Nilichoona.

Nilikuwa sijaona kitu.

Hapo nikajikumbuka kijana, kwenye ofisi ya hesabu ya mgodi, na kompyuta kubwa kama kabati na kadi zilizotobolewa. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ghali, karatasi ilikuwa ghali, na wakubwa walitaka wastani tu. Kwa hiyo tulichukua vipimo vya siku, tukatoa wastani, vipimo vyenyewe tukavitupa. Huo ndio ufundi niliofundishwa, na miaka yote hii umekaa mikononi mwangu bila mimi kuugundua. Programu ya friji nayo inapima kila dakika, inachukua vipimo kumi, inatoa wastani, inavitupa. Kompyuta ina nafasi ya kuhifadhi vipimo vya maisha yangu yote, nami navitupa kama mtu anayeogopa kumaliza kadi.

Nikaongeza amri moja, moja tu: kila kipimo kionekane kwenye skrini, hakuna kutupa. Nikabeba kompyuta yangu mpaka zahanati.

Kapenda alikuwa amekaa kwenye kibao chake ukumbini. Hakuinuka.

"Tata, mashini yako inasema mi niko mwizi ya baridi?"

"Haisemi jina ya mutu. Inasema joto tu."

"Lakini bakamati banasikia jina yangu."

Nikamwambia afungue friji na kuweka chupa yake humo, kama afanyavyo kila siku.

"Mbele yako? Kesho utasema umeniona na macho yako."

"Ntasema ni mi nilikuambia."

Akainuka taratibu. Kisha akafungua, akaweka chupa, akafunga. Tukaangalia skrini. Nne, nne, tano, tano, nne. Ikarudi palepale.

"Njo ile tu?" akauliza, yaani ndiyo hiyo tu.

"Njo ile tu."

Ningeweza kuondoka hapo. Lakini kujua kwamba si chupa si sawa na kujua ni nini. Nikavuta kibao, nikakaa kando yake. Mama Béa, anayefanya usafi, alipita na ndoo akasimama. "Bazee bawili munaangalia frigo sawa televizio!" Akacheka peke yake, akaenda kuwasha pampu ya kujaza tangi, kama afanyavyo kila alasiri.

Pampu ikanguruma. Taa ya ukumbini ikafifia kidogo, ikarudi. Na kwenye skrini, katikati ya nne zilizopangana, ikatokea themanini na tano. Kisha nne tena.

Kapenda alikuwa wa kwanza kusema. "Makumi munane na tano? Humu ndani? Basi Mama Béa alete sufuria na unga, tupike bukari!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilijua namba ile, nilikuwa nimeisoma kwenye maelezo ya kipima joto nikaipita haraka: ndiyo namba kinayotoa kinapoamka upya, kabla hakijapima chochote. Pampu inavuta umeme, kipima joto kinazimika na kuamka, kinatamka themanini na tano. Programu yangu inaichanganya na vipimo tisa vya nne, inatoa wastani wa kumi na mbili, na hapo uwongo unapata sura ya ukweli. Themanini na tano hakuna ambaye angeiamini. Kumi na mbili tuliiamini wote.

Sikutaka kushangilia mapema. Nikamwomba Mama Béa azime pampu, aiwashe tena. Themanini na tano. Nikamwomba Kapenda atoke nje kabisa, asimame langoni. Pampu ikawashwa mara ya tatu. Themanini na tano.

Aliporudi nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua chupa yake, akanywa.

"Sasa banafukuza nani? Weye?"

Alisema akitabasamu. Macho hayakutabasamu. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona kumwomba pale, sisi wawili tu, ni kujipunguzia mzigo mahali ambapo hakuna mtu wa kuusikia.

Nimerudi nyumbani. Dawa ya kosa hili ni mstari mmoja: kipimo cha themanini na tano kisihesabiwe. Niliuandika hata kabla ya kuvua viatu. Ningeweza kuupeleka kwenye kompyuta ya zahanati kutoka hapa nilipo, sasa hivi.

Hapo ndipo niliposimama, na tangu hapo sijakaa vizuri.

Nikiupeleka leo, ujumbe hautakuja tena. Hakuna atakayejua kwamba kosa lilikuwa langu. Na kamati itasema: tazameni, tangu tumshike Kapenda friji imetulia. Kunyamaza kwa programu yangu kutakuwa ushahidi wa mwisho dhidi yake.

Nimeufuta mstari huo. Nimeuandika tena, nikaufuta tena. Sasa umefutwa.

Kesho nitawaomba wote waje ukumbini. Mama Béa atawasha pampu, wataiona namba hiyo wenyewe, na nitarekebisha mbele yao. Huenda wakasema niondoe mashine yangu, na mimi pamoja nayo. Huenda Mama Charlotte akauliza kwa nini mtu mwenye umri wangu, mwenye historia yangu, alikaa siku zote hizo akitazama mwenzake akishukiwa, wala asiangalie kazi ya mikono yake kwanza.

Jibu ninalo, limeandikwa hapo juu: nilifurahi. Je, nitaweza kulisema mbele ya watu, kabla mtu mwingine hajalitaja jina la Kapenda?